Dalmas Anangoja Oketch

Anko Dalmas hakuanza kutufundisha kompyuta kwa kuwasha kompyuta. Siku ya kwanza alileta jiko la makaa kwenye ukumbi wa kanisa, huku kwetu mtaa wa Manyatta, Kisumu, akapanga sufuria, mafuta, kitunguu, nyanya na omena, wale dagaa wa ziwani, waliofungwa kwa gazeti, kisha akatuambia kwamba kuanzia dakika hiyo yeye si mtu, ni mashine. Hajui njaa. Hajui Kisumu. Hajawahi kuona omena. Atafanya kile tu tutakachomwambia.

Sydney, kijana anayeosha pikipiki pale Kondele na ambaye mdomo wake haupumziki, akamwambia apike. Anko akasimama kama nguzo ya stima. Sydney akasema basi aweke omena kwa sufuria. Anko akachukua omena na gazeti lao, akatia vyote ndani, akafunika. Tulicheka hadi akina mama wa kwaya waliokuwa nje wakachungulia dirishani. Tukamwambia atoe gazeti. Akatoa. Tukamwambia aoshe omena na maji moto. Akaosha, akamwaga, akaosha, akamwaga, omena wakaanza kukatika vichwa, na bado anaosha.

"Tichaa, hizo umemaliza," Sydney akasema.

"Hamjaniambia niache."

Ndipo Nasipwondi, aliyekuwa amekaa nyuma kwa sababu sufuria ilikuwa yake na alitaka irudi nzima, akasimama. "Wewe mashine," akasema, "osha mpaka maji yatoke safi. Yakitoka safi, acha."

Anko akaacha pale pale. Akatuambia kwamba huyo mama wa cherehani ndiye wa kwanza kuandika programu humu ndani, na bado hajagusa hata kibodi.

Ndivyo nilivyojua algoriti ni nini. Ni hatua zilizopangwa, moja baada ya nyingine, kutoka mwanzo hadi kazi iishe. Mashine haina akili ya kujaza pale ulipoacha pengo. Mtu ukimwambia osha omena, atajua mwenyewe wametakata. Mashine itaosha hadi maji ya ziwa yaishe.

Omena hao tuliwala na ugali. Nasipwondi akaosha sufuria yake akiwa anamtazama Anko, na Anko naye akijifanya anapanga viti. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Napenda kukaa hapo. Ukikaa karibu na mlango unaona watu wote, na hakuna anayekuuliza unafikiria nini.

Dalmas ni ndugu ya mama yangu. Nilipoacha shule, kidato cha kwanza, hata sijajua majina ya walimu wote, nilipelekwa kukaa na Dani, yaani nyanya yangu, huko Seme, chini ya Kombewa ukielekea ziwani. Magoti yalikuwa yanamsumbua na alihitaji mtu wa kuchota maji. Alipopata nafuu, Anko akasema nije kwake Kisumu, afadhali nijifunze kitu kuliko kukaa nikihesabu kuku. Kwa hivyo haya ninayoandika, mengine niliyaona Seme, mengine Manyatta, na machache aliniambia mwenyewe tukiwa tunapanguza zile kompyuta vumbi.

Mbali na mama yangu, Dani alizaa wavulana wawili. Oketch ndiye mkubwa, Dalmas akafuata. Oketch hakupenda darasa. Alienda kuvua Port Victoria, akisema samaki wa upande wetu wamekuwa wadogo hata wavu unawaonea aibu. Kwa mshahara wake wa kwanza alimnunulia Dalmas simu, ile ndogo ya tochi. Dalmas hakumpigia mtu. Aliifungua yote kwenye meza ya Dani, akapanga vipande kwa mstari, na Dani akalia akidhani kitu cha mtoto wake kimeharibiwa. Jioni simu ilikuwa imerudi kuwa simu. Oketch aliposikia alicheka sana, akasema basi huyu asishike wavu, atautoa nyuzi zote aone umefumwaje.

Alipomaliza kidato cha nne, Dalmas alipata kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, huko Maseno. Alikuwa anachapia wanafunzi wa chuo kazi zao na kuwatolea nakala za vyeti. Wanafunzi wa kompyuta walikuwa wanaacha programu zao kwenye mashine wakienda kula. Dalmas alikuwa anazisoma. Akiona mstari haumwingii kichwani, anamngoja mwenyewe arudi anamuuliza, na wengi walimwelekeza bila kuringa. Alijifunza hivyo, kidogo kidogo, mpaka akahamia Kisumu, na kanisa likampa ukumbi awe anafundisha vijana na mtu yeyote mwenye kutaka. Kompyuta zilikuwa kuukuu, ofisi moja ilikuwa imenunua mpya ikatupatia hizo. Yeye naye akawa anawachapia watu wa kanisa matangazo ya Jumapili.

Kabla hajahamia Kisumu, ndipo ziwa lilipomchukua Oketch.

Boti yao ilipinduliwa na upepo nje ya Port Victoria. Wenzake walipatikana. Boti ilipatikana, imelala kifudifudi. Oketch hakupatikana. Walimtafuta, watu wa boti zingine wakatoka kusaidia, wazee wakakaa ufuoni wakingoja maji yamrudishe kama yanavyofanya mara nyingi. Hayakumrudisha. Halafu mchuuzi mmoja wa samaki akaleta habari kwamba upande wa Uganda ameona mwanamume wa sura ile ile, anatembea kama yeye. Mchuuzi hakurudi tena kueleza vizuri. Lakini Dani alilishika lile neno, na hakuliachilia.

Kwetu Wajaluo, mtu ambaye ziwa limekataa kumrudisha huzikwa hata hivyo. Watu hukata tunda la yago, lile refu, zito, linaloning'inia kwa kamba yake juu ya mti, wanalivika sanda, wanalizika mahali pake, na watu wanalia kama wanavyomlilia mtu. Baada ya hapo wanaobaki wanaweza kuendelea. Wazee wa ukoo walikuja kumwambia Dani hivyo kwa upole. Aliwapa chai. Walipomaliza kunywa akawaambia, "Nikizika yago, mimi ndiye nitakuwa nimemuua." Wakaenda.

Simba ya Oketch, ile nyumba ndogo ya kijana aliyojengewa karibu na lango, Dani aliendelea kuipaka udongo kila mvua ikiisha. Nilimsaidia kukanda. Alikuwa anaipaka vizuri kuliko nyumba yake mwenyewe, na ndani alikuwa amekunja blanketi.

Sasa hapo ndipo maisha ya Dalmas yalipofungwa. Mdogo hamruki mkubwa. Mkubwa huoa kwanza, hujenga kwanza, hata mbegu huzitia shambani kwanza, baada ya mama yake. Mdogo akitangulia, watu hawasemi ameharakisha, wanasema amemfuta kaka yake. Kama Oketch angezikwa, Dalmas angekuwa huru. Kama Oketch angerudi na kuoa, Dalmas angekuwa huru. Oketch hakuwa amezikwa na hakuwa amerudi.

Na Dalmas alimpenda Nasipwondi.

Nasipwondi ni Mbukusu wa Kimilili. Alikuwa anashona sare za shule kwenye kibanda chake katika soko la Kibuye, na alimjua Anko siku aliyokuja kutaka achapiwe bango la kibanda. Anko alichapa bango lile mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ni mwanamke mwenye kicheko kikubwa na mkono mwepesi. Akikuona umevaa nguo yenye mshono uliofunguka, atakusimamisha njiani akushonee ukiwa umeivaa. Mimi alinishonea sketi, akaniambia kwamba mtoto asiyeongea anahitaji mifuko mirefu ya kuweka maneno.

Alikuwa amemwambia Anko wakae tu pamoja Manyatta, kama wengi wanavyokaa, mambo ya nyumbani yatajipanga mbele ya safari. Anko alikataa. Alimwambia kwamba akimpeleka mke kwa mama yake kabla ya Oketch, mama hataingia nyumba hiyo wala kula humo, na kwamba yeye mwenyewe, akimruka kaka yake, atakuwa amesema kwa mdomo wake kuwa amekufa. Nasipwondi akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema atangoja.

Akangoja. Mwaka ukaisha, na mwingine ukaingia, na kaka yake Nasipwondi, Waswa, akaanza kupita kwa ukumbi wetu kila alipoleta mahindi Kibuye. Waswa si mtu wa kelele. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha mbao, anamtazama Anko akifundisha, anangoja wanafunzi watoke. Siku moja nilikuwa nafagia, akasema bila kunijali.

"Bwana Dalmas, sisi kwetu hatujakataa. Mzee anakupenda. Lakini anauliza, huyu Mjaluo anamngoja nani?"

"Kaka yangu."

"Anarudi lini?"

Anko akaendelea kupanguza ubao. Waswa akatikisa kichwa, akasema pole, na kweli alikuwa anampa pole. Akaondoka.

Masomo yaliendelea. Anko alitufundisha kisanduku chenye jina, ambacho unaweka kitu ndani, na ukiweka kingine, kile cha kwanza kinatoka. Alitufundisha sharti: kama mvua inanyesha, chukua mwavuli, la sivyo, uache. Akatufundisha orodha, na hapo akatumia nyumbani kwao. Akaandika ubaoni: Dani, Oketch, Dalmas. Akasema mashine huanza kuhesabu na sifuri, kwa hivyo Dani ni sifuri, Oketch ni moja, yeye ni mbili. Sydney akasema mama mzima kuwa sifuri ni matusi. Watu wakacheka, Anko pia. Mimi niligundua kwamba Anko alimtaja Oketch kama mtu aliyetoka tu kununua sukari. Darasani hakuna aliyejua habari yake isipokuwa mimi.

Kisha tukafika kwa mzunguko, yaani kuiambia mashine irudie kitu mpaka sharti fulani litimie. Anko akatupa kazi. Kila mtu achukue mpango wa kwao nyumbani auandike kama programu. Becky, binti ya mhubiri, akaandika jinsi watu wanavyopanga foleni ya kuoga asubuhi ya Jumapili. Mwingine akaandika kukamua ng'ombe. Sydney akaandika kupanda mbegu shambani.

Programu ya Sydney ilikuwa safi, nilishangaa. Unaipa orodha ya watu wa boma kuanzia mkubwa. Halafu inakuuliza nani wamefika nyumbani kwa kupanda. Halafu inaanza: wa kwanza anapanda, na kila anayefuata anamngoja aliye mbele yake mpaka apande, ndipo naye apande. Kama vile kwetu. Kwa orodha alitumia ile ya ubaoni, Dani, Oketch, Dalmas, kwa sababu alitaka kumchekesha mwalimu. Akaniita.

"Sheryl, wewe si ndio wa hiyo boma? Kaa hapa. Andika wenye wako nyumbani."

Nikakaa. Mashine iliniuliza nani wamefika. Nikaandika Dani. Nikaandika Dalmas. Hayo ndiyo yalikuwa ya kweli. Nikabonyeza.

Kwenye skrini ikatokea, Dani amepanda. Chini yake, Dalmas anangoja Oketch. Chini yake, Dalmas anangoja Oketch. Chini yake tena, na tena, maneno yakaanza kukimbia kwenda juu kama maji, skrini yote ikawa ni hayo tu, Dalmas anangoja Oketch, Dalmas anangoja Oketch, na feni ya ile mashine kuukuu ikaanza kulia. Watu wakakusanyika. Sydney alikuwa amefurahi kupita kiasi.

"Kwani huyu Oketch analala mpaka saa ngapi?" akasema. "Tichaa, kuja uone kaka yako anavyokunyima shamba."

Wote wakacheka. Anko akaja kutoka kwa ile mashine ya mwisho alikokuwa anakaza waya, bado anatabasamu kwa kicheko cha wengine, akainama kuangalia. Tabasamu lilibaki mdomoni kwa muda baada ya macho kuliacha.

Nilipogeuza kichwa nilimwona Nasipwondi mlangoni. Alikuwa amekuja kupima dirisha la ukumbi kwa ajili ya pazia, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Yeye pia alikuwa anasoma. Skrini ilikuwa inamwangalia moja kwa moja.

Anko akabonyeza vitufe viwili, na maneno yakasimama.

Akaenda ubaoni. Alitueleza taratibu, kwa ile sauti yake ya kufundisha, kwamba Sydney hajakosea mpango, mpango ndivyo ulivyo. Kosa ni kwamba aliweka mlango mmoja tu wa kutokea. Mzunguko unangoja Oketch apande. Kwenye mzunguko wenyewe hakuna kitu kinachobadilika, kwa hivyo kama leo hajapanda, hata mwakani hatakuwa amepanda, na aliye nyuma yake atasimama hapo na jembe lake mpaka stima ikatwe. Mzunguko wowote wa kungoja, akasema, lazima umpe anayengoja mlango wa pili.

"Si Oketch apande tu, mambo iishe," Sydney akasema.

"Oketch hayuko," Anko akasema. "Alizama."

Sydney akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ukafungwa bila kutoa kitu. Anko akachukua chaki, akaongeza kwenye programu ya Sydney, chini ya maneno mpaka apande, maneno mengine: au mpaka tujue hatarudi. Akasimama akiyatazama. Nilipoangalia mlangoni, Nasipwondi alikuwa ameenda bila kupima dirisha.

Jumapili ya wiki ile ile tulienda Seme, mimi na Anko. Hakuniambia sababu, na sikuuliza. Tulimkuta Dani anachambua mbegu. Anko alikaa chini kwenye mkeka, si kwenye kiti, akamwambia mama yake mambo yote, Nasipwondi, Waswa, kungoja. Akamwomba waende kwa wazee, yago likatwe, Oketch alale.

Dani aliendelea kuchambua. Zile mbovu upande huu, nzuri upande ule. Nilidhani hakusikia.

"Kama unataka mke, oa," akasema mwishowe. "Sijakufunga miguu. Lakini usije kuniambia nimzike mtoto wangu ndio wewe upate nafasi."

"Mama, sikusema hivyo."

"Umesema nini?"

Anko alifungua mikono kama mtu anayetaka kuonyesha kitu halafu anakuta hana kitu. Kuku akaja akadokoa zile mbegu nzuri, na hakuna aliyemfukuza. Tulirudi Kisumu jioni hiyo, na njia nzima Anko alikuwa anakuna ukucha wa kidole gumba.

Nasipwondi alikuja nyumbani kwetu kesho yake. Alikaa kwenye kitanda changu kwa sababu kiti kilikuwa na nguo. Anko akamweleza kwamba mama bado, ila anaamini ataelewa, apewe muda.

"Muda mpaka lini?"

"Sijui, Nasi."

Alimtazama, hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira. "Dalmas," akasema, "mimi sijawahi kumngoja Oketch. Nilikuwa nakungoja wewe."

Anko akasema amwongezee kidogo tu. Nasipwondi akasema anaenda kwao kwa likizo ya shule, sare hazinunuliwi sana wakati huo, na watazungumza akirudi. Akanyoosha shuka langu alipoinuka. Mimi alinipa mkono, akaushika kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Shule zilifunguliwa. Kibanda cha Kibuye hakikufunguliwa. Anko alikuwa anapita pale kila jioni akisema ananunua mboga, zile sukuma, na nyumbani tulikuwa na sukuma zaidi ya tuliyoweza kula. Simu yake ilipigwa mara chache, akaongea nje.

Kisha Waswa akaja na pikapu. Alikuja kuchukua cherehani ya dada yake. Alimwambia Anko kwa heshima, wakiwa wamesimama mbele ya kibanda, kwamba Nasipwondi ameolewa huko Kimilili na mwalimu mmoja, Khaemba, mtu mzuri, watu wake wanajulikana. Akasema dada yake alimtuma aseme asimchukie.

Anko akauliza kama cherehani ina kifuniko chake. Waswa akasema hajui. Anko akaingia kibandani, akakitafuta kile kifuniko cha mbao chini ya vitambaa, akakipata, akakifunga vizuri juu ya cherehani. Akashika upande mmoja, Waswa upande wa pili, wakaibeba hadi pikapu. Anko akaifunga kwa kamba, akaipima kwa kuitikisa, akafunga tena. Alimwambia Waswa aende polepole kwenye matuta, ile mashine haipendi kurushwa. Pikapu ilipoondoka alibaki anaangalia, na watu wa Kibuye walikuwa wanamzunguka na vikapu vyao.

Hakumwambia Dani. Nilingoja amwambie, hakumwambia. Darasani aliendelea. Sydney siku hizo alikuwa anafika mapema kupanga viti, na akija na mzaha anamtazama mwalimu kwanza.

Mvua kubwa ilinyesha mwaka huo. Dani alituma neno kupitia jirani kwamba Dalmas aje na mimi pia nije. Tulipofika tulikuta ukuta wa nyuma wa simba ya Oketch umeanguka. Udongo ulikuwa umekandwa tayari, chungu nzima, umeanza kukauka, na Dani amekaa kando yake, mikono imejaa matope hadi viwikoni.

Alituambia kwamba alianza kupaka tangu asubuhi, na alipoingia ndani kutoa blanketi lisilowe, alikuta kumeota uyoga ndani yake. Akalishika. Akaona kwamba blanketi hilo halijawahi kulaliwa, harufu yake ni ya udongo tu. "Nimempakia nyumba mtu asiyelala ndani," akasema. "Ita wazee."

Walikata yago. Wanaume walilibeba hadi ufuoni, wakasimama kwenye maji, wakamwita Oketch kwa jina lake na jina la baba yake, wakamwambia waende nyumbani. Dani alikuwa mbele. Sauti yake ilitoka juu ya maji, haikuwa ya kulia, ilikuwa ile ya mama anayemwita mtoto aliyechelewa chakula. Halafu wakalivika sanda na kurudi nalo. Mhubiri akaomba. Anko alishika koleo na hakumwachia mtu mwingine mpaka kaburi likajaa. Alilia hapo, kwa sauti, nikamwona mjomba wangu kwa mara ya kwanza akiwa mdogo wa mtu.

Siku iliyofuata, watu wengi wakiwa wameondoka, Dani aliamka akavaa leso safi. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo na bado anashangaa shingo yake ni nyepesi. Alinituma nilete kamba ya katani na vijiti, akamwita Anko nyuma ya nyumba, kwenye uwanja ambao jua linafika asubuhi.

"Sasa njia yako imefunguka," akamwambia. "Mlete yule msichana wa Kibuye. Nasipwondi." Alilisema jina vizuri, bila kulivunja. Sijui alijifunzia wapi. "Mwambie mimi ndiye nilichelewesha, si wewe. Anisamehe. Mtoto, hao Wabukusu wanakula kichwa cha samaki?"

Mtoto alikuwa mimi. Nikasema wanakula. Nikamwangalia Anko.

Uso wa Anko ulikuwa umetulia sana. Nilijua kwamba angeweza kusema, ni maneno machache tu, na nilijua pia kwamba yule mama alikuwa amemzika mwanawe jana.

"Nitamwambia, Mama," akasema.

"Ero kamano, wuoda. Asante, mwanangu." Dani akachoma kijiti cha kwanza ardhini, akakigongea kwa jiwe. Akazungusha kamba hapo na kuinua ncha yake nyingine. "Mlango uangalie huku, apate upepo wa ziwa akishona. Shika, urudi nyuma. Nyumba ya mtu anayeshona inataka kuwa pana."

Anko akashika ncha ya kamba, akarudi nyuma.

"Endelea," Dani akasema. "Bado."

Akarudi nyuma tena.